Tumeangalia Moonlight barazani Kirumba: walioondoka kwa hasira ndio hao hao waliorudi kushangilia

Mtoto wa Mwaloni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi mrefu, mwenye haraka apite na baraka zake.

Huku kwetu Kirumba, Mwanza, juu kidogo ya soko la samaki la Mwaloni, kuna jamaa ana projekta. Ukuta wa kwao umepakwa chokaa, baraza ni pana, na mama yake hana neno alimradi watoto wawe wamelala na saa nne usiku watu wawe wametawanyika. Jumapili jioni tunachanga hela ya mafuta ya jenereta endapo umeme utaleta mambo yake, mtu analeta karanga, tunaangalia. Mara nyingi ni za ngumi. Safari hii dogo mmoja wa chuo kule Malimbe akaja na Moonlight kwenye flashi, akainadi hivi: "Hii ilibeba Oscar ya filamu bora 2017, ni ya masela wa Miami, kuna muuza unga humo." Kwa mnada huo baraza likajaa. Wavuvi, bodaboda, mafundi, akina mama wachache.

Dogo hakusema uongo. Muuza unga yupo.

Kwa ambao hamjaiona: ni maisha ya mvulana mmoja, Chiron, kwa vipande vitatu. Mtoto, kijana wa sekondari, mtu mzima, kila umri na mwigizaji wake. Anakulia Liberty City, mtaa wa weusi wa kipato cha chini huko Miami. Mama yake, Paula, anazama kwenye unga taratibu. Wenzake wanamkimbiza na kumpiga kabla yeye mwenyewe hajajua wanamkimbizia nini. Kadiri anavyokua anakuja kujua kwamba moyo wake uko kwa rafiki yake wa kiume, Kevin. Basi. Aliyekuja kusubiri vita vya magenge alisubiri mpaka maandishi ya mwisho.

Sasa niwasimulie baraza lilivyokwenda, maana filamu yenyewe imeshaandikwa sana.

Kipande cha kwanza watu walikuwa wake Juan wote. Juan ndiye muuza unga anayemwokota mtoto kwenye nyumba iliyotelekezwa, anamlisha, anampeleka baharini kumfundisha kuogelea. Pale baharini nilifurahi sana, kwa sababu wasikilizaji wetu ni watu wa majini. Mzee mmoja wa mitumbwi aliyekuwa anasinzia alikaa wima kabisa. Juan amemlaza mtoto chali juu ya maji, kiganja kiko chini ya kisogo. Mzee akasema, "Huyo anajua. Kichwa kwanza, miguu itapanda yenyewe." Akaanza kuwaelekeza vijana wa mbele kwa mikono yake mwenyewe, watu wakamwambia mzee tulia tunaangalia.

Halafu ile meza. Mtoto amekaa na Juan na mwanamke wake Teresa, anamwuliza Juan: wewe unauza unga? Juan anakubali. Na mama yangu anatumia, si ndiyo? Juan anakubali tena, kichwa chini. Mtoto ananyanyuka anaondoka. Wakuu, barazani ulisikia jenereta tu. Mama mwenye nyumba ndiye aliyevunja ukimya: "Haya, kimempata." Mtaa wetu una mateja, na wanaowauzia tunawajua, wengine tunawapa shikamoo.

Kipande cha pili kinaanza, Juan hayupo. Amekufa, na filamu haikuonyeshi alivyokufa, unasikia tu mazishi yanatajwa juu juu. Kelele! "Juan kafa lini?" "Rudisha nyuma!" Dogo wa chuo akarudisha, hakuna kitu. Nadhani tulipoteza dakika kumi hapo tukimtafuta maiti.

Kisha usiku wa ufukweni. Chiron na Kevin wamekaa mchangani, wanaongea mambo ya kulia na upepo, wanasogeleana. Haionyeshwi sana, lakini inaeleweka. Hapo ndipo baraza lilipogawanyika. Mmoja akasema astaghfirullah, mwingine akasema "zima huo uchafu", watu wakasimama. Nusu hivi wakatoka wakakaa kwenye pikipiki zao nje ya geti. Waliobaki, baadhi walikuwa wameinamia simu, mnajua ile ya mtu anapepesa macho juu juu asionekane anatazama.

Siku inayofuata shuleni, mbabe wa darasa, Terrel, anamlazimisha Kevin kumpiga Chiron mbele ya watu. Kevin anampiga. Chiron anaanguka anasimama, anaanguka anasimama, mpaka wenzao wanamkanyaga chini. Kesho yake Chiron anaingia darasani, hamsemeshi mtu, anabeba kiti anakivunjia mgongoni kwa Terrel.

Wale wa kwenye pikipiki, kumbe walikuwa wanachungulia getini. Wakaingia wanakimbia, mikono juu. "Mpe! Mpe tena!" Mmoja alipiga benchi mpaka karanga zikamwagika. Tena ndiye yule wa "zima huo uchafu".

Hapo ndipo nilipoacha kuangalia ukuta nikawa naangalia watu. Ninachosema ni hiki, na mnipinge kwa hoja: ile filamu ilitupa mtu anayemuuzia mama wa mtoto sumu, tukampenda. Ikatupa kijana anayempasua mwenzake na kiti, tukasimama tukashangilia. Kitu pekee kilichotutoa nje ni watu wawili wakiwa wapole kwa kila mmoja. Sisemi mkubaliane na mapenzi yao, hilo kila mtu na imani yake. Nauliza kuhusu sisi tuliokuwa tumekaa pale.

SatoMbichi

Nimekaa hapa na michembe yangu. Endeleeni.

Igoma Mwisho

Mleta uzi unajua kupanga maneno ila mtego wako nauona. Unataka tuone aibu kwa kuchukizwa na jambo ambalo dini zetu zimelikataa na Kanuni ya Adhabu kifungu cha 154 imelikataa. Watu kusimama wakatoka ni haki yao, hawakumpiga mtu, hawakuvunja projekta. Wangebaki ungesema wamependa.

Halafu jambo la pili umelipita haraka haraka. Mna kibali? Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 iko wazi, picha ikionyeshwa hadharani lazima ipite Bodi ya Filamu. Baraza ambalo watu wanachangia hela na kila apitaye anakaa, hiyo si sebule tena. Na msiniambie watoto wamelala. Mtoto wa Kirumba halali saa mbili usiku wakati ukutani kuna picha inacheza.

Mtoto wa Mwaloni

Mkuu Igoma, hela ni ya mafuta, kiingilio hakuna, na ni nyumba ya mtu. Ila la watoto kuchungulia umenena, mama mwenye nyumba mwenyewe alifukuza wawili dirishani.

Kuhusu kutoka, sijawalaumu kutoka. Nimeuliza kuhusu kurudi.

PichaMwendo

Uzi mzuri. Niongeze nyama kidogo kwa wanaopenda filamu.

Mwongozaji ni Barry Jenkins. Kisa kilitokana na maandishi ya Tarell Alvin McCraney, na wote wawili wamekulia Liberty City, majengo yale yale, bila kujuana utotoni. Wote wawili mama zao walipambana na unga. Kwa hiyo Paula hakutungwa na mtu aliyesoma magazeti. Naomie Harris aliyemcheza ni Mwingereza, na sehemu zake zote zilipigwa kwa siku tatu, miaka yote ile ya kuporomoka ndani ya siku tatu. Filamu nzima ilipigwa kwa siku 25. Wale vijana watatu wanaocheza Chiron hawakukutanishwa wakati wa kazi, Jenkins hakutaka waigane. Ukiangalia macho yao ndipo utajua kwa nini alijiamini.

Na huyo mzee wa mitumbwi ana jicho. Yule mtoto, Alex Hibbert, hakuwa anajua kuogelea. Mahershala Ali alikuwa anamfundisha kweli, kamera ikiwa pale majini. Mnachokiona ni somo lenyewe.

Ile ya Oscar pia ni kichekesho. Tarehe 26 Februari 2017 jukwaani walitangaza filamu nyingine imeshinda kwa sababu wasomaji walipewa bahasha isiyo yao. Watu wa upande wa pili wakapanda, wakaanza kushukuru mama zao, ndipo ikasemwa hapana, ni Moonlight. Siku hiyo ilipata tatu: filamu bora, hati bora iliyotokana na kazi nyingine, na Ali akapata mwigizaji bora msaidizi.

Nyegezi Stendi

Huyo Ali si ni Muislamu? Niliwahi kusikia ndiye Muislamu wa kwanza kupata Oscar ya uigizaji. Sasa anacheza filamu ya namna hiyo inakuwaje?

SatoMbichi

Yeye amecheza muuza unga, mkuu. Hilo halikukusumbua?

Nyegezi Stendi

Aah. Haya.

Mama Wawili

Nyie wanaume mnabishana kuhusu ufukwe na kiti, na kipande cha tatu mmekiruka chote. Mleta uzi, kulikoni? Au nanyi mlikuwa mmechoka?

Mimi niliiangalia nyumbani Pasiansi na mdogo wangu. Chiron sasa ni mtu mzima, kifua kimejaa, meno ya dhahabu, anauza unga Atlanta. Amekuwa Juan. Gari, kile kitaji kidogo cha mbele ya gari, kitambaa kichwani, vyote vya Juan. Nilimwambia mdogo wangu, ona, mtoto akikosa baba anavaa wa kwanza aliyemtendea wema, na huyo wa kwanza alikuwa muuza unga.

Kisha anakwenda kumwona mama yake kwenye nyumba ya kutibia mateja. Paula amekaa nje, amekonda, mkono unatetemeka hata kuwasha sigara hawezi, mwanawe ndiye anayemwashia. Anamwambia huna lazima ya kunipenda, lakini jua mimi nakupenda. Hapo nililia na sijali. Nina kaka yangu aliyepita njia hiyo hapa hapa mjini na mama yetu alikuwa anafunga mlango wa jikoni kwa kufuli asiibe sufuria. Sisi tulikuwa upande wa pili wa ile picha, ila maneno ni yale yale.

Na mwisho, Kevin anampikia. Hilo hamkuliona? Kevin amekuwa mpishi kwenye mgahawa mdogo, anamwandalia mwenzake sahani ya wali na maharage meusi na kuku, anaipanga taratibu, anakamua ndimu. Mtu aliyempiga ngumi miaka kumi nyuma anaomba radhi kwa sahani. Sijawahi kuona mwanaume akimwomba mtu radhi vizuri namna ile, awe mke awe nani.

Mtoto wa Mwaloni

Dada, kipande cha tatu baraza lilikuwa limebaki na watu kidogo, kiti kilipovunjika wengine waliona filamu imeisha. Waliobaki walichosema pale mgahawani ni "huyu amepikiwa", wakacheka. Lakini cheko la kawaida tu. Hakuna aliyesimama.

Ilipoisha mwisho kabisa wakasema, "Ndiyo imeisha hivyo?" kwa sababu inaisha wamekaa tu, mmoja ameegemeza kichwa begani kwa mwenzake.

Mkurya wa Mto Mara

Nachangia kwa upande mwingine. Sijaiona hiyo ya Miami. Ila nimesikia ya Afrika Kusini, Inxeba, iliyopigwa kwenye jando la Waxhosa, wanaume wawili walezi wa vijana wana mambo yao huko porini. Hiyo ilinikera, na sababu si ile mnayodhani. Mambo ya jando hayatolewi nje. Mimi nimepita jandoni Tarime, kuna vitu mpaka leo mke wangu hajui na hataviuliza. Mtu kuja na kamera mle ndani, hata kama angepiga picha ya watu wanasali, ni kosa.

PichaMwendo

Mkuu Mkurya, hoja yako ndiyo hasa iliyotolewa kule. Viongozi wa kimila waliipinga, kumbi za Eastern Cape zilivamiwa na waandamanaji mpaka maonyesho yakafutwa. Februari 2018 ikapandishwa daraja la X18, yaani ikawekwa fungu moja na picha za ngono, kumbi za kawaida zikazuiwa kuionyesha. Juni mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Pretoria ikalitengua daraja hilo. Na wakati yote hayo yanatokea, filamu ilikuwa imeshaingia kwenye orodha fupi ya Oscar ya filamu za lugha ya kigeni.

Ninachokipenda kwenye mfano huu ni kwamba watu wawili wanaweza kutoka ukumbini kwa pamoja, mmoja amekerwa na mapenzi, wa pili amekerwa na siri ya jando. Ukiwa nje unaona kundi moja tu lenye hasira.

Ng'wana Misungwi

Wabeja mkuu. Sisi Wasukuma hatukuwa na jando la namna ya Tarime, tohara imetujia na madaktari kwenye kampeni, watu wazima wamepanga foleni zahanati. Kwetu kijana alipimwa kwa jembe na ng'ombe. Ukiweza kulima na ukaswaga mifugo ukairudisha kamili, wewe mwanaume, hakuna aliyekuuliza sauti yako ni nene au nyembamba. Haya ya kumkagua mtoto anavyotembea mimi nimeyakuta mjini.

Mkurya wa Mto Mara

Usitufanye mjini hakuna Wasukuma. Wanaomcheka mtu anavyotembea pale Igoma ni nani, Wachina?

Ng'wana Misungwi

Hahaha haya, nimekaa.

MwalimuChaki

Nafundisha shule ya msingi, wilaya ya Ilemela, sitasema ipi. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunirukia.

Swali la mleta uzi kwangu ni la kila siku ya kazi. Tuna mtoto, darasa la sita wakati huo, sauti nyembamba, anapenda kukaa na wasichana kwa sababu wasichana hawamchapi. Wavulana wakampa jina. Jina lenyewe sitaliandika, mnalijua, lipo kila shule. Kwanza likawa la wakati wa mapumziko, baadaye likaingia darasani, mwishowe nikamsikia mwalimu mwenzangu analitumia akimwita mbele kusoma. Darasa likacheka, mwalimu naye akacheka. Mtoto akaacha kunyoosha kidole. Baada ya hapo akaacha kuja. Tulipomfuatilia alikuwa Mwaloni anabeba magunia ya dagaa, umri wa miaka kumi na mbili.

Mtoto yule alikuwa nani huko ndani yake? Mimi sijui, yeye hajui, ana miaka kumi na mbili. Kwenye filamu vilevile, Chiron anauliza maana ya lile tusi akiwa mdogo, analetewa jina kabla ya kujijua. Wanaosema filamu hizi zinawafundisha watoto mambo, mimi nawaambia watoto hawakuhitaji filamu. Walishajifunza kwetu namna ya kumtafuta wa kumwonea.

Sasa lile lililonikera kama mwalimu, na sijaona mtu ameligusa. Baada ya kupigwa, Chiron anaketi ofisini, uso umevimba. Mwalimu mkuu wa kike anamtaka ataje majina, hataji. Basi anamwambia yeye ni mtoto tu, angekuwa mwanaume wale wengine wanne wangekuwa wamekaa pale naye. Yaani mtoto katoka kupigwa na kundi, na mwalimu anampimia uanaume. Kesho yake ndiyo kiti. Kile kiti hakikutoka hewani, kilitoka ile ofisi.

Igoma Mwisho

Mwalimu, kwa hilo la mtoto wa dagaa niko nawe asilimia zote, na huyo mwalimu mwenzako alipaswa kufikishwa kwa afisa elimu. Ila naomba usichanganye. Kumlinda mtoto anayeonewa ni jambo moja, kuonyesha filamu ya mapenzi ya namna hiyo ni jambo la pili. Mnayafunga pamoja ili anayekataa la pili aonekane anakataa la kwanza.

MwalimuChaki

Ningekubali, kama wenzangu kazini wangekuwa wanayatenganisha. Nilipolipeleka suala la yule mtoto kikaoni, jibu la kwanza nililopewa ni "usije ukatuletea mambo hayo shuleni". Nilikuwa nimeomba tu asiitwe lile jina.

Jina Halipo

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, nitaandika mara moja.

Nilisoma huku Kanda ya Ziwa, sasa naishi mbali. Nilikuwa na jina pia. Sitawaambia mimi ni nani, kwa sababu hamkuniuliza nilipokuwa mdogo, mliamua.

Mnaongelea ufukwe na kiti. Mimi kilichonishika ni mwanzo wa kipande cha tatu, pale unamwona yule bwana mkubwa mwenye misuli na unachukua muda kuamini kwamba ni yule mtoto mwembamba. Watu wanadhani amekuwa mwanaume. Mimi niliona ukuta. Nami nilikwenda kunyanyua vyuma nikiwa kidato cha tano, nikajifunza kutembea upya, kweli, nilifanya mazoezi ya kutembea usiku kwenye uwanja wa mpira. Niliporudi mtaani wakanipa mkono, wakaniita kamanda. Ni wale wale.

Bodaboda Mabatini

Kumekucha. Wameanza kujitokeza.

*[Maoni mengine mawili ya mchangiaji huyu yameondolewa na msimamizi.]*

Mama Wawili

Bodaboda, mtu hakukutukana. Amesema alifanya mazoezi ya kutembea usiku ili msimchape. Hilo ndilo ulilolijibu hivyo?

DagaaKavu

Nimesoma kurasa zote nikiwa kivukoni Kamanga, foleni ya leo asante kwa kunipa muda. Swali kwa PichaMwendo: hakuna ya kwetu kwetu? Kwa nini tuangalie Miami?

PichaMwendo

Ya karibu kabisa ni Rafiki ya Wanuri Kahiu, Nairobi, wasichana wawili ambao baba zao wanagombea udiwani wakipingana. Ilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika, 2007. Kwa hiyo mbegu ni ya ng'ambo ya ziwa hili hili.

Mwaka 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa tamasha la Cannes, na wakati huo huo bodi ya kwao ikaipiga marufuku. Kahiu alieleza kwamba walimtaka abadilishe mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini. Sikilizeni hapo vizuri. Wangekufa au wakatengana kwa majuto, huenda ingepita. Akaenda mahakamani. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany akaondoa zuio kwa siku saba, ili ipate sifa ya kupelekwa Oscar, na Nairobi watu wakajaza ukumbi kila onyesho. Siku saba zikaisha, zuio likarudi. Oscar yenyewe Kenya ikapeleka filamu nyingine, Supa Modo, ya msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinamsaidia. Nzuri sana nayo.

Angalia inavyokuja kwenye hoja ya mleta uzi. Kule bodi ilitaka mateso yabaki na upole upungue. Pale Kirumba baraza lilipiga kura hiyo hiyo kwa miguu.

Igoma Mwisho

Hapo umekaza kamba mpaka ikakatika. Bodi ina kazi yake kisheria. Watu wa baraza walikuwa na aibu tu. Aibu si chuki. Mimi nikiwa na mama yangu sebuleni, hata mume na mke wakibusiana kwenye tamthilia natafuta rimoti.

SatoMbichi

Hili ni kweli jamani. Sisi tunatoka nje hata kwa mume na mke.

Mtoto wa Mwaloni

Nakubali kuna aibu. Mama mwenye nyumba mwenyewe pale ufukweni alijifunika khanga usoni akasema "mtaniambia ikiisha". Hakutukana mtu, hakutoka. Hiyo ndiyo aibu ninayoijua. Aliyesema "zima huo uchafu" hakuwa na aibu, alikuwa anawaangalia wenzake kuona nani hajasema. Nilikaa naye benchi moja, nilimwona anavyogeuza shingo. Akishamaliza kuhakikisha ndipo akatoka.

Na nadhani wengi waliotoka, walitoka kwa sababu ya waliokuwa wanatoka. Ukibaki peke yako na wale watatu utaulizwa kesho kijiweni. Kwa hiyo kwenye ukuta Kevin anampiga rafiki yake kwa sababu wenzake wanamtazama, na hapa chini mtu anasimama kwa sababu wenzake wanamtazama.

Mzee wa Ukerewe

Mwangaluka. Mimi sina maneno mengi. Kijana wangu amenionyesha sehemu ya kuogelea kwenye simu. Ni sahihi. Ila sisi Nansio hatukufundishwa na mtu, tulisukumwa kutoka kwenye mtumbwi. Wengine hawakuibuka. Afadhali ya huyo.

DagaaKavu

Shikamoo mzee.

Nyegezi Stendi

Mleta uzi, Jumapili ijayo mnaangalia nini? Nipo off.

Mtoto wa Mwaloni

Mama mwenye nyumba amechukua flashi. Amesema kuanzia sasa anasoma yeye kwanza. PichaMwendo, nitumie hiyo Supa Modo niipeleke kwake.

Igoma Mwisho

Nimeiangalia yote jana usiku, peke yangu, ili msije mkaniambia nabishia nisichokijua. Msimamo wangu kuhusu kuionyesha barazani haujasogea hata inchi moja. Lakini ile ofisi ya mwalimu mkuu aliyoisema MwalimuChaki nimeirudia mara mbili. Mwalimu, wewe huko kwenu mtoto akipigwa unafanyaje?

MwalimuChaki

Aliyepigwa simwulizi majina mbele ya mtu, naye namwacha akae kwa muuguzi au kwa mpishi wa uji mpaka atulie. Majina nayapata kwa wasichana, wao huona kila kitu. Kisha mzazi wa kwanza kuitwa ni wa aliyepiga. Hapo ndipo kazi ilipo. Wiki iliyopita baba mmoja alinijia juu ofisini, akaniambia mwanangu alikuwa anamkomaza mwenzake. Tumepangiana Jumatano, na nimemwambia aje na mama wa mtoto pia.